William Gossage: mtu wa sabuni aliyeacha jina kwenye kombe

Kombe la Shirikisho la Tanzania halina msamaha. Timu za Ligi Kuu na zile za madaraja ya chini huingia kwenye mtoano, na ukifungwa leo umeaga, hakuna kuhesabu pointi wala kusubiri msimamo wa ligi. Ndiyo maana linazungumzwa sana hata huku kwetu Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Murongo, hasa Kagera Sugar inapopangiwa mojawapo ya timu kubwa za Dar es Salaam. Jina la kombe lenyewe hufuata mdhamini. Lilipofufuliwa msimu wa 2015/2016 lilibeba jina la Azam, na kuanzia msimu wa 2023/2024 likabeba jina la benki ya CRDB.

Wapo wanaodhani kwamba huu ni mtindo wa siku hizi, kwamba zamani mpira ulichezwa kwa mapenzi tu na biashara haikuugusa. Historia ya ukanda wetu inasema vingine. Kombe la kwanza kubwa kuzikutanisha nchi za Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1926, lilikuwa na jina la sabuni. Wazee wanalikumbuka kama Kombe la Gossage. Kutokana na kombe hilo ndipo likazaliwa hili tunaloliita Chalenji, na chini ya mwavuli huohuo wa CECAFA yakaja mashindano ya klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, ambayo sasa yanaitwa Kombe la Kagame.

Katika makala haya hatutamwangalia mchezaji wala kocha, bali mwenye jina lile. Mara nyingi husimuliwa kwamba kombe lilitolewa na tajiri wa Kiingereza aliyeitwa William Gossage, kana kwamba mtu huyo alisimama uwanjani Nairobi akalikabidhi kwa mikono yake. Haiwezekani. William Gossage alifariki mwaka 1877, miaka 49 kabla ya kombe hilo kuchezwa kwa mara ya kwanza. Walioliweka jina lake kwenye kombe walikuwa wenye kampuni, na wakati huo hata kampuni haikuwa tena ya familia yake. Kwa maoni yetu, maisha ya mtu huyu yanavutia kuliko hadithi ya tajiri mkarimu aliyependa mpira.

Mtoto wa mwisho

Gossage alizaliwa mwaka 1799 katika kijiji cha Burgh le Marsh, upande wa mashariki wa Uingereza, akiwa wa mwisho kati ya watoto 13. Kwa familia ya namna hiyo, mtoto wa mwisho hasubiri urithi. Alipofika umri wa miaka 12 alipelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa na duka la dawa katika mji wa Chesterfield, akajifunze kazi. Duka la dawa la zama zile halikuwa la kuuza vidonge vilivyofungwa kiwandani. Mwenye duka alitwanga, alipima, alichemsha na kuchanganya mwenyewe. Kijana aliyekaa hapo miaka kadhaa alitoka akijua kemia kwa vidole vyake, ingawa hakuwahi kuingia chuo kikuu.

Kuna jambo moja la ujana wake linalotuonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka 1823, akiwa na miaka kama 24 hivi, aliandikisha haki ya uvumbuzi wa kifaa kidogo cha kupachikwa kwenye saa ili kimwamshe mtu aliyelala. Hakikumtajirisha. Lakini tangu hapo hakuacha kuandikisha uvumbuzi, na haki alizojipatia katika maisha yake ni nyingi, nyingine za maana na nyingine zilizosahaulika.

Baadaye alifungua biashara yake katika mji wa Leamington, uliokuwa na chemchemi za maji yaliyosifiwa kutibu maradhi. Matajiri walikwenda kuyanywa na kuyaoga. Gossage aliuza chumvi iliyotokana na maji hayo, ili asiyeweza kusafiri anunue dawa hiyo kwenye kikopo. Ni biashara ambayo mfanyabiashara yeyote wa minadani kwetu ataielewa bila maelezo.

Magadi ya kutengenezwa

Ili kuelewa kilichofuata, lazima tuseme kidogo kuhusu magadi. Sisi wa Afrika Mashariki Mungu ametupa magadi yakiwa tayari, katika Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Uingereza haikuwa na ziwa la namna hiyo, na viwanda vyake vya sabuni, vioo na nguo vilihitaji magadi kwa wingi sana. Zamani waliyapata kwa kuchoma mimea ya baharini na kuchukua majivu yake, kazi ndefu yenye mavuno kidogo.

Mfaransa mmoja, Nicolas Leblanc, alipata njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, na mwaka 1791 akapewa haki ya uvumbuzi huo. Chumvi ilichanganywa na asidi ya salfa ikapashwa moto, kisha kilichopatikana kikachomwa pamoja na makaa ya mawe na chokaa. Mwishoni waliloweka tope jeusi lililotokea, wakachuja maji yake na kuyachemsha hadi magadi yakabaki. Leblanc mwenyewe alinyang'anywa kiwanda wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, akafa maskini kwa kujiua mwaka 1806. Njia yake ikaenea bila yeye, na Uingereza ndiyo iliyoishika kwa nguvu.

Njia hiyo ilikuwa na balaa mbili. Ya kwanza ilitokea mwanzo kabisa wa kazi. Chumvi ilipokutana na asidi ilitoa gesi kali ya haidrokloriki iliyopaa kupitia dohani na kutua kwa majirani. Iligeuza majani kuwa ya njano, ikaua miti na nyua za mimea, ikala vitasa vya milango na zana za mafundi, ikawakereketa watu kooni. Ya pili ilibaki chini. Kila tani ya magadi iliacha lundo la taka zenye salfa, na mvua ikinyesha juu yake zilitoa harufu ya mayai viza. Anayeishi jirani na mashine ya kukoboa kahawa anajua vumbi la maganda linavyoingia mpaka kwenye chakula wakati wa msimu. Achukue kero hiyo, aondoe vumbi, aweke asidi, halafu aiweke kila siku ya mwaka.

Majirani hawakunyamaza. Wakulima na wenye ardhi walivishtaki viwanda mahakamani, na vingine vilishindwa. James Muspratt, mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo karibu na Liverpool, alisumbuliwa na kesi hadi akalazimika kuhama. Jibu la wenye viwanda wengi lilikuwa kujenga dohani ndefu zaidi. Dohani ndefu haikupunguza gesi hata kidogo. Iliipeleka tu kwa watu wa mbali ambao walikuwa hawajaanza kulalamika.

Kinu cha upepo kilichojaa matawi

Gossage aliingia katika biashara hii mwanzoni mwa miaka ya 1830, aliposhirikiana na wenzake kutengeneza chumvi na magadi katika kijiji cha Stoke Prior, katikati ya Uingereza. Naye akawa mmoja wa wachafuzi. Tofauti yake na wengine ni kwamba alilitazama tatizo kwa jicho la mtu wa duka la dawa. Alijua kwamba gesi ile inapenda maji mno. Inapoyagusa huyeyuka mara moja na kuwa asidi ya majimaji. Kwa nini basi waliokuwa wakiipitisha juu ya mabirika ya maji walishindwa kuikamata?

Jibu aliloliona ni rahisi ukishaambiwa. Maji yaliyotulia kwenye birika hukutana na gesi kwa juu tu, na sehemu kubwa ya gesi hupita bila kuyagusa. Kinachotakiwa ni maji yaliyotandazwa kwa utando mwembamba mahali pengi kwa wakati mmoja. Karibu na kiwanda palikuwa na kinu cha zamani cha upepo ambacho hakikutumika tena. Gossage alikijaza matawi na vichaka kuanzia chini hadi juu, akamimina maji juu ili yateremke polepole kwenye kila kitawi, kisha akaingiza gesi. Kila jani na kila kijiti kilikuwa na maji, na gesi haikuwa na pa kupita bila kulowa. Iliyotoka upande wa pili ilikuwa hewa ambayo mtu angeweza kuivuta. Mwaka 1836 aliandikisha haki ya uvumbuzi huo, na mnara wa namna hiyo ukaitwa mnara wa Gossage. Baadaye minara ilijengwa kwa mawe na kujazwa makaa yaliyochomwa, lakini akili ya kazi ilikuwa ileile.

Hapa tungependa msomaji asitufahamu vibaya. Uvumbuzi huu haukumaliza uchafuzi siku iliyofuata. Wenye viwanda hawakuwa na sababu ya kujenga mnara ikiwa hakuna aliyewalazimisha, na waliojenga wengi wao walimwaga ile asidi kwenye vijito, hivyo madhara yakahama kutoka hewani kwenda mtoni. Miaka 27 ilipita kabla Bunge la Uingereza halijatunga sheria ya mwaka 1863 iliyotaka kila kiwanda cha magadi kikamate angalau asilimia 95 ya gesi hiyo, na kumteua mkaguzi, Robert Angus Smith, mwanasayansi ambaye baadaye aliandika kuhusu mvua ya asidi. Wabunge waliweza kuandika asilimia 95 kwa ujasiri kwa sababu mnara wa Gossage ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Sheria ilipowabana, wenye viwanda wakagundua kwamba ile asidi waliyokuwa wakiitupa inaweza kutengeneza dawa ya kung'arisha nguo na karatasi, na ikawa mali.

Miaka iliyofuata alizunguka sana. Alitengeneza rangi nyeupe ya risasi huko Birmingham, akayeyusha shaba kusini mwa Wales, akarudi tena Stoke Prior. Hakuna biashara kati ya hizo iliyompa utulivu. Mwaka 1850, akiwa ameshagonga miaka 50, umri ambao wengi wa zama zake walifikiria kupumzika, alihamia Widnes kwenye kingo za mto Mersey, si mbali na bandari ya Liverpool, akaanza upya.

Kilichompeleka huko ni ile balaa ya pili, yaani salfa iliyokuwa ikioza kwenye malundo ya taka. Salfa ilinunuliwa kwa fedha, ikatumika mara moja, ikatupwa. Gossage aliamini inaweza kurudishwa, na aliitafuta njia kwa miaka mingi, akatumia fedha nyingi. Hakuipata. Njia iliyofaulu vizuri ilitoka mwaka 1888, akiwa kaburini miaka 11. Katika maisha yake huku ndiko kushindwa kwake kukubwa, na tunadhani inafaa kutajwa kwa sababu wasifu wa wavumbuzi mara nyingi huandikwa kana kwamba kila walichogusa kilifaulu.

Sabuni ya madoa

Utajiri ulikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1853 serikali ya Uingereza iliondoa kodi ya sabuni, kodi iliyokuwa imekaa zaidi ya miaka 140 na kuifanya sabuni iwe ghali kwa maskini. Mwaka huohuo vita vya Crimea vilianza, na mafuta ya wanyama yaliyotoka Urusi kwa ajili ya viwanda vya sabuni yakaadimika. Watu walitaka sabuni zaidi, na malighafi ilikuwa ndogo. Mwaka 1855 Gossage alianza kutengeneza sabuni Widnes.

Ujuzi wake ulikuwa katika kitu tunachokifahamu hadi leo. Ukiyeyusha mchanga pamoja na magadi katika moto mkali unapata kitu kama kioo, nacho kikichemshwa kwenye maji huwa majimaji mazito yanayoitwa silikati ya sodiamu. Gossage aliichanganya silikati hiyo kwenye sabuni. Kwa njia hiyo mafuta kidogo yalitoa sabuni nyingi, ngumu, isiyoyeyuka haraka mkononi. Bei ikashuka. Wanawake na vijana wetu wanaotengeneza sabuni za mche katika vikundi wanaijua silikati kwa jina hilohilo. Hununuliwa pamoja na kostiki, na kila mwenye jiko la sabuni ana siri yake ya kipimo.

Je, huo ulikuwa udanganyifu, kumuuzia mtu mchanga ndani ya sabuni? Swali hilo liliulizwa wakati wake, na watumiaji wa sabuni za mche bado wanaliuliza. Silikati si kijazio kitupu. Inasaidia kutoa uchafu na inapunguza ukaidi wa maji magumu yasiyotaka kutoa povu. Lakini ikizidi, sabuni huwa kama jiwe na huchuna mikono ya anayefua. Kwa hiyo jibu letu ni kwamba ilitegemea kipimo, na Gossage alikuwa mtu wa vipimo.

Mwaka 1857 aliongeza jambo la pili, ambalo ni la kibiashara zaidi. Sabuni bora ya zamani kutoka nchi za Mediterania ilikuwa na madoa kama ya marumaru, na wanunuzi waliyachukua madoa hayo kuwa alama ya ubora, kwa kuwa sabuni yenye maji mengi haikuweza kuyashika. Gossage alipata njia ya kutia madoa hayo kwenye sabuni yake ya bei nafuu, ya bluu, na baadaye ya nyekundu na kijivu. Sabuni yake ya madoa ya bluu ndiyo iliyosafiri. Mteja asiyejua kusoma maandishi ya Kiingereza aliitambua kwa macho. Ilisafiri ndani ya nchi yake, kisha ikapanda meli kwenye bandari ya Liverpool, bandari ambayo wakati huohuo ilikuwa ikishusha mapipa ya mawese kutoka Afrika Magharibi kwa ajili ya viwanda vya sabuni. Mafuta yalitoka Afrika, na sabuni ikarudi Afrika ikiwa na bei nyingine.

Ili kuuweka wakati huo katika kalenda yetu, kumbuka kwamba wasafiri Speke na Grant walifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861. Jiko la sabuni la Widnes lilikuwa na miaka sita. Gossage alifariki Aprili 1877, karibu wakati mmoja na Rumanyika ambaye huhesabiwa kufa mwaka 1878. Watu wawili wa rika moja la historia, ambao hakuna aliyewahi kusikia habari za mwenzake.

Na mpira? Chama cha soka cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1863, na kombe lake la mtoano, ambalo ndilo mama wa makombe yote ya namna hiyo duniani, lilianza msimu wa 1871/1872, Gossage akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Hatuna sababu ya kudhani lilimhusu. Hata Widnes, mji uliokua kwa viwanda kama chake, ulichagua raga, na hadi leo unajulikana kwa raga.

Jina linauzwa, kombe linatolewa

Baada ya kifo chake wanawe waliendeleza kampuni iliyoitwa William Gossage na Wanawe, ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa sabuni ng'ambo. Mwaka 1911 ilinunuliwa na Brunner Mond, kampuni ya kemikali. Hapo kuna mzunguko wa ajabu kidogo. Ludwig Mond, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, alifika Widnes katika miaka ya 1860 akiwa kijana kutoka Ujerumani kufanya kazi juu ya swali lilelile lililomshinda Gossage, la kurudisha salfa kutoka kwenye taka. Baadaye aliiacha njia ya Leblanc akashika njia mpya ya kutengeneza magadi iliyokuwa safi na rahisi zaidi, na ndiyo iliyoiua ile ya zamani. Kampuni hiyohiyo ilikuja kuyashika pia magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, mwaka 1924.

Mwaka 1919 kampuni ya Gossage iliingia mikononi mwa Lever Brothers, wakubwa wa sabuni duniani, ambao baadaye waliungana na Waholanzi wakawa Unilever. Lever walijua kutangaza biashara kuliko yeyote. Sabuni ya Gossage ilikuwa ikiuzwa Afrika Mashariki, mpira ulikuwa ukienea kwenye shule za misheni, kambi za jeshi na vituo vya reli, na jina lililoandikwa kwenye kombe lingetamkwa bure na maelfu ya watu. Mwaka 1926 Kenya na Uganda walikutana Nairobi kugombea Kombe la Gossage. Mchezo wa kwanza ulitoka sare, ukarudiwa, na Kenya wakalichukua.

Kwa miaka karibu 20 kombe hilo lilikuwa la timu hizo mbili. Mechi moja ndiyo ilikuwa mashindano mazima, mtoano ulioanzia kwenye fainali. Kwa watu wa Karagwe ya wakati ule, iliyokuwa chini ya Tanganyika lakini ikitazamana na Uganda ng'ambo ya mto Kagera, bingwa wa karibu alikuwa wa upande wa pili wa maji, na Uganda ndio walioshinda mara nyingi kuliko wote. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na baadaye Zanzibar. Mwaka 1949 Tanganyika ilitwaa kombe kwa mara ya kwanza, ikalishika pia 1950 na 1951. Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza, uhuru ukiwa mbali miaka 10 na zaidi, lakini jina la nchi lilikuwa tayari linashangiliwa uwanjani. Sisi tunaona kwamba hilo lina uzito kuliko sabuni yoyote iliyouzwa kwa sababu ya kombe lile, ingawa waliolitoa hawakuwa na nia hiyo.

Jambo la kushangaza zaidi ni tarehe. Kiwanda cha Gossage kule Widnes kilifungwa mwaka 1932, pale wenye mali walipoona hawahitaji viwanda vyote walivyonunua. Kombe liliendelea kuchezwa hadi mwaka 1966. Kwa miaka 34, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar waligombea jina la kiwanda ambacho hakikuwepo tena, cha mtu ambaye hawakumjua. Mwaka 1967 jina liliondolewa, yakawa mashindano ya Chalenji ya Afrika Mashariki na Kati, na kuanzia 1973 yakawa chini ya CECAFA. Tanzania Bara imelichukua taji hilo mwaka 1974, 1994 na 2010, na Zanzibar mwaka 1995.

Mwaka 1974 ndipo pia yalipoanza kwa mpangilio mashindano ya klabu bingwa za ukanda, na Simba wakawa wa kwanza kuyashinda. Mwaka uliofuata Yanga waliwafunga Simba katika fainali iliyochezwa Zanzibar, mechi ambayo mashabiki wa pande zote mbili bado wanaizungumzia, kila upande kwa namna yake. Mwaka 2002 mashindano hayo yalipata jina la Rais Paul Kagame wa Rwanda, aliyejitolea kuyadhamini. Safari hii mwenye jina yuko hai na anajua kombe lake linachezwa wapi. Wenzetu wa Kyerwa wanaopakana na Rwanda husema, kwa utani, kwamba kombe hili angalau wanaweza kuliona kwa mbali.

Kule Widnes, jengo lililokuwa ofisi za kampuni ya Gossage halikubomolewa. Sasa ni makumbusho ya kemia yanayoitwa Catalyst, na watoto wa shule hupelekwa humo kufanya majaribio ya sayansi. Pembeni yake, mahali palipokuwa na viwanda vya magadi, pamepandwa nyasi na miti na kuwa bustani ya kutembelea, na sehemu ya zile taka zenye salfa zilizomshinda mzee huyo bado imelala ardhini katika mji ule. Viwanda vya kisasa vinavyosafisha moshi wake kwa kuupitisha kwenye minara inayotiririsha maji, popote vilipo, bado vinatumia akili ileile ya kinu kilichojazwa matawi.